Fenoli kwenye maji ya kuoshea gundi: je, mafuta ya taa yataitoa?

Swali: *Tuna kiwanda kidogo cha plaiwudi nje kidogo ya Mafinga. Gundi yetu ni ile nyekundu ya fenoli. Tunainunua ikiwa tayari kwenye mapipa, tunaichanganya na unga wa ngano, maji na soda kostiki. Maji ya kuoshea mashine yanafika kama lita 800 kwa siku na yanaingia kwenye shimo nyuma ya boila. Yananuka kama dawa ya kusafishia wodi. Maabara imetupimia: pH 11.6, fenoli miligramu 4,800 kwa lita. Mshauri mmoja ametuambia tuyakoroge na mafuta ya taa, fenoli yote itahamia kwenye mafuta, kisha mafuta tuyachome kwenye boila. Je, ni kweli? Kama si kweli, ni kimiminika gani kinafaa na tukipate wapi?*

Jibu: Ndugu, mafuta ya taa msinunue. Kwa maji yenu hayatafanya kazi, na sababu ni mbili zisizohusiana, kila moja inatosha peke yake kuharibu mpango mzima.

Hata hivyo, simlaumu mshauri kwa wazo lenyewe. Kuitoa sumu ndani ya maji kwa kuivuta iingie kwenye kimiminika kingine kisichochanganyika na maji ni kazi ya zamani na inaheshimika viwandani. Bonde la Ruhr kule Ujerumani lilikuwa na viwanda vingi vya koki, na maji yao yenye fenoli yalipita mto Emscher yakaishia Rhine, hadi samaki wa Rhine wakawa na ladha ya dawa. Kuanzia miaka ya 1920 wahandisi wa huko walianza kuyaosha maji hayo kwa benzini (ile inayotokana na makaa ya mawe, si petroli). Fenoli ilihamia kwenye benzini, kisha benzini nayo ikaoshwa kwa soda kostiki, fenoli ikatoka humo na benzini ikarudi kazini. Benzini husababisha saratani ya damu, kwa hiyo leo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeichagua kwa kazi hii. Waliofuata walihamia kwenye viyeyushi vingine, yaani vimiminika vingine vya kuivuta fenoli. Kiwanda cha kutengeneza gesi kutokana na makaa ya mawe cha Beulah, North Dakota, kinachofanya kazi tangu 1984, huvuta fenoli kwa etha ya diaisopropili, na vivyo hivyo mitambo mikubwa ya Secunda, Afrika Kusini. Fenoli wanayoipata ni bidhaa, wanaiuza.

Kwa hiyo swali halihusu kama njia hii ipo. Swali ni kama inafaa kwa lita 800 zenye pH 11.6.

Tuanze na hiyo pH, kipimo cha ukali wa asidi au soda (7 ni katikati, juu yake ni soda), maana ndiyo namba iliyonishtua zaidi kwenye barua yenu kuliko hata zile miligramu 4,800. Fenoli ni asidi dhaifu. Kwenye maji ya kawaida hukaa nzima, bila chaji, na ikiwa hivyo inakubali kuhama kwenda kwenye kiyeyushi. Ukiongeza soda kostiki, inapoteza hidrojeni yake na kuwa fenoleti yenye chaji hasi, na kitu chenye chaji hakitoki kwenye maji kirahisi. Mpaka wa mabadiliko hayo uko karibu na pH 10: hapo nusu ni fenoli, nusu ni fenoleti. Kwenye 11.6, katika kila molekuli 100 za fenoli zilizomo kwenye maji yenu, zaidi ya 97 zimeshakuwa fenoleti. Zilizobaki tayari kuhama hazifiki tatu. Ndiyo maana wale wa Ruhr waliiosha benzini yao kwa soda kostiki. Soda kostiki ndiyo inayoitoa fenoli *kwenye* kiyeyushi na kuirudisha kwenye maji, na ninyi mshauri anawaambia mfanye kinyume ndani ya maji yaliyojaa soda hiyohiyo.

Sasa tuseme mmeyatia asidi, pH imeshuka hadi 6, fenoli yote iko tayari kuhama. Hapo inakuja sababu ya pili. Kila kiyeyushi kina kiasi fulani cha fenoli kinachokubali kupokea ukilinganisha na maji. Ukitikisa pamoja ujazo sawa wa maji na etha ya diaisopropili, vikishatengana utakuta mkusanyiko wa fenoli upande wa etha ni kama mara 30 hadi 40 ya ule wa maji. Butili asetati inazidi 50. Ile ketoni ambayo wauza rangi wanaiita MIBK hukaribia 100. Mafuta ya taa hayafiki hata moja: fenoli nyingi inabaki majini ulikoikuta. Sababu iko kwenye umbo. Fenoli ina kundi la oksijeni na hidrojeni linalotafuta oksijeni ya kushikamana nayo. Etha, esta (kama butili asetati) na ketoni zinayo. Mafuta ya taa ni kaboni na hidrojeni tupu, hayana pa kuishikia. Dizeli ni hadithi ileile. Mafuta ya kupikia yana oksijeni na yangekuwa afadhali kidogo, lakini yakikutana na soda kostiki yanageuka sabuni, na mtabaki na povu ambalo halitengani wiki nzima.

Mnaweza kuyaona haya kwa macho bila kuamini maneno yangu. Chukueni chupa mbili za kioo zenye kifuniko. Ya kwanza jazeni nusu kwa maji yenu kama yalivyo, ya pili nusu kwa maji yaliyotiwa asidi na kuchujwa. Ongezeni mafuta ya taa kwenye zote, tikiseni, acheni usiku kucha, kisha pelekeni maji ya chini ya chupa zote mbili maabara. Gharama yake ni vipimo viwili, na mtakuwa na karatasi ya kumwonyesha mshauri.

Je, mkibadilisha tu kiyeyushi? Butili asetati inapatikana, imo kwenye thina za rangi za magari na wauza kemikali wa Dar es Salaam huileta kwa mapipa. Hapa ningependa tukae kidogo na hesabu, kwa sababu ndiyo inayofunua ugumu wa kazi hii.

Chukueni kiyeyushi chenye nguvu ya 30, yaani kinachopokea fenoli mara 30 ya maji, na mkitumie lita moja kwa kila lita kumi za maji. Mkikoroga mara moja na kutenganisha, fenoli inayobaki majini ni robo. Kutoka 4,800 mmefika 1,200. Sasa kiasi kilekile cha kiyeyushi kigaweni mafungu matatu, mkorogee moja baada ya jingine, kama mtu anayesuuza nguo mara tatu kwa maji kidogo badala ya mara moja kwa ndoo nzima. Kinachobaki ni sehemu moja ya nane, yaani 600. Viwanda vikubwa vinakwenda mbali zaidi: maji yanaingia upande mmoja wa mnara, kiyeyushi upande wa pili, vinapishana, hivyo maji yanayokaribia kutoka yanakutana na kiyeyushi kilicho safi kabisa. Kwa mpishano huo, hatua tatu zinabakiza asilimia 2.5, na hatua tano zinabakiza chini ya asilimia 0.3. Kwa maji yenu hiyo ni kama miligramu 13 kwa lita. Kiyeyushi ni kilekile na kiasi ni kilekile, tofauti yote ni mpangilio. Ndiyo maana siku mtu akikuuzia tangi moja lenye pangaboi na kukuambia ni mtambo wa kuzidua fenoli (kuivuta kwa kiyeyushi), muulize lina hatua ngapi.

Na hata miligramu 13 bado ni nyingi mno kumwaga mtoni. Vibali vya nchi zetu vinahesabu fenoli kwa sehemu ndogo za miligramu moja.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji huwa hawaligusi. Hakuna kiyeyushi ambacho hakiyeyuki kabisa kwenye maji. Butili asetati huyeyuka kama gramu 7 kwa lita. MIBK ni zaidi ya gramu 17. Ninyi mna fenoli gramu 4.8. Kwa hiyo mkiishia kwenye kukoroga na kutenganisha, mtakuwa mmetoa gramu 4.8 za sumu moja na kuweka gramu 7 za kitu kingine, na maji yenu yatahitaji oksijeni nyingi zaidi ya mwanzo ili kuoza. Viwanda hukivukisha kiyeyushi hicho kwa mvuke na kukikusanya tena. Hapo ndipo etha ya diaisopropili inaposhinda ingawa nguvu yake ni ndogo kuliko ya MIBK: inachemka kwenye nyuzi 68 tu, inatoka kwa mvuke kidogo. Lakini etha hiyo ikikaa stoo na hewa inaunda peroksidi ambazo hulipuka, na mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo. Kiwandani kwenu kuna boila ya kuni, vumbi la mbao na mashine za kuchania. Siwezi kumshauri mtu yeyote aingize pipa la etha mahali kama hapo.

Na formaldehaidi? Gundi yenu imepikwa kwa fenoli na formalini (formaldehaidi iliyoyeyushwa majini), kwa hiyo maji yana mabaki ya zote mbili. Formaldehaidi inapenda maji kupita kiasi, viyeyushi hivi havitaivuta. Zaidi ya hapo, sehemu ya kile maabara inachokiita fenoli si fenoli tupu, ni fenoli iliyoanza kushikana na formaldehaidi, na hiyo nayo inahama kwa shida zaidi kuliko hesabu zangu za juu zinavyoonyesha. Waulizeni pia maabara walitumia njia gani. Ile ya kawaida ya rangi, inayotumia aminoantipirini, haizioni baadhi ya fenoli zilizofungwa kitu upande wa pili wa pete ya kaboni ya molekuli yake. Namba ya 4,800 inaweza kuwa ndogo kuliko ukweli. Ombeni COD vilevile, yaani kipimo cha oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu wote kwa kemikali; haina upendeleo wa aina hiyo.

Sasa ukubwa wa kazi. Lita 800 kwa gramu 4.8 ni fenoli isiyofika kilo nne kwa siku. Mnara, pampu, mvuke, mtu mwenye ujuzi zamu zote, kwa ajili ya kilo nne. Kuzidua kunalipa pale fenoli inapokuwa nyingi, gramu kadhaa kwa lita na kuendelea, *na* maji yanapokuwa mengi kiasi cha kuilipia mitambo. Mna sharti la kwanza, la pili hamna. Kama siku moja mtaanza kupika gundi wenyewe na kupata maji ya mvuke yenye fenoli kwa asilimia, tutazungumza upya.

Ninachowashauri ni kitu cha bei rahisi zaidi: maji hayo yarudisheni kwenye gundi. Kila siku mnaongeza maji na soda kostiki kwenye mchanganyiko, na mnachomwaga shimoni ni maji, soda kostiki na gundi. Marekani viwanda vya plaiwudi vimekuwa vikifanya hivi tangu miaka ya 1970, sheria ilipowataka wasimwage kabisa maji ya mtambo wa gundi.

Ugumu uko kwenye kiasi. Kama mchanganyiko wenu unakunywa lita 300 za maji kwa siku, hamwezi kurudisha 800. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupunguza. Kabla mtu hajashika mpira wa maji, mashine ikwanguliwe kwa kibao cha plastiki, na kilichokwanguliwa kirudi kwenye pipa la gundi kama bado ni laini. Mpira uwe na bomba la kubana mdomoni, maji yawe ya moto. Osheni mara ya kwanza kwa maji ya jana, suuzeni kwa maji mapya kidogo. Huo ndio mpishano uleule wa kwenye mnara, bila mnara. Viwanda vingi vinaona maji ya kuoshea yakipungua kwa zaidi ya nusu kwa hatua hizi tu, maana kawaida hakuna aliyewahi kuyapima.

Yanayobaki yachujeni kwa wavu wa kuzuia vipande vya vinia (mbao nyembamba za plaiwudi) na madonge, yawekwe kwenye pipa lenye mfuniko, na yatumike kesho yake. Msiyalimbikize: unga wa ngano uliomo unavunjwavunjwa na soda kostiki na uzito wa gundi, yaani jinsi inavyomiminika, unabadilika. Anzeni kwa kubadilisha robo ya maji ya mchanganyiko, punguzeni soda kostiki kidogo kwa sababu maji hayo tayari yanayo, pimeni uzito wa gundi kwa kikombe chenu cha kila siku, kisha bandikeni mbao chache na kuzichemsha saa 72. Zikistahimili, pandeni hadi nusu, kisha zaidi. Msimamizi wa presi atalalamika wiki ya kwanza. Mwacheni alalamike, lakini msikilizeni akisema gundi inakauka kabla ya kubanwa, hiyo ni dalili ya kweli.

Shimo ni suala jingine, na nisingelala nikiwa na shimo hilo. Kama halikutandikwa plastiki nene, fenoli inashuka na maji ya ardhini, haizuiliki sana na udongo. Kama kuna kisima karibu, acheni kukitumia kwa kunywa hadi kipimwe. Na tafadhali mtu asije akakitibu kisima hicho kwa klorini: klorini na fenoli huzaa klorofenoli, ambazo kiasi kidogo mno kinatosha kuyafanya maji yasinyweke.

Maji yaliyomo shimoni yahamishieni kwenye tangi, myatibu kwa mafungu. Hatua ya kwanza ni asidi. Tumieni asidi ya salfuriki iliyokwisha kuzimuliwa, ikiingia kidogo kidogo nje kwenye upepo. Msitumie ya hidrokloriki hata kama ni rahisi kuipata, kwa sababu ikikutana na formaldehaidi inaweza kuzaa etha yenye klorini ambayo ni moja ya visababishi vikali vya saratani ya mapafu. Jaribuni kwanza kwa lita moja kwenye jagi la kioo. Maji yatakuwa mekundu na angavu hadi pH ikaribie 9 au 8, kisha ghafla yatachafuka, yawe ya rangi ya chai ya maziwa, na ukiendelea kushusha hadi 5 utaona vibonge vidogo vya rangi ya waridi vikikusanyika na kuzama. Hiyo ni gundi yenyewe, imekosa soda ya kuiyeyusha. Mkiichuja mtakuwa mmeondoa sehemu kubwa ya uchafu kwa gharama ya asidi tu. Tope hilo lifungeni kwenye pipa na kumpa mkandarasi mwenye kibali cha taka hatarishi.

Fenoli yenyewe haizami. Inayeyuka zaidi ya gramu 80 kwa lita, itabaki kwenye maji masafi. Hapo kuna njia ya Fenton: pH ishushwe hadi 3, itiwe salfeti ya chuma, kisha hidrojeni peroksidi kwa matone. Mahesabu yanadai gramu tano za peroksidi kwa kila gramu ya fenoli ili iishe kabisa, ndiyo maana sikuwaambia mfanye hivi kila siku: kwa kilo zenu nne ingekuwa karibu kilo 40 za peroksidi ya asilimia 50, kila siku. Kwa shimo la mara moja, hasa kama mvua imeshalizimua, inavumilika. Msishtuke maji yakigeuka kahawia iliyokoza, karibu meusi. Fenoli inapita kwenye kwinoni kabla ya kuvunjika, na hizo ni sumu kuliko fenoli iliyozizaa, kwa hiyo kuishiwa peroksidi katikati ya njia ni kubaya kuliko kutoanza. Endeleeni hadi weusi uondoke. Mchanganyiko utapata joto na povu, tangi lisijae zaidi ya nusu. Mwisho rudisheni pH hadi 8 kwa chokaa, chuma kitazama. Kilichobaki kipitisheni kwenye mkaa hai (mkaa uliotengenezwa maalumu kunasa sumu) wa vifuu vya nazi.

Atakayefanya kazi hii avae glavu nene za mpira, buti na miwani ya kuzuia. Fenoli kali ikimwagikia ngozi inaifanya nyeupe na kuitia ganzi, kwa hiyo mtu hasikii maumivu na anaendelea kufanya kazi huku inaingia mwilini. Ikimpata, avue nguo papo hapo, aoshwe kwa maji mengi, apelekwe hospitali hata akisema yuko salama.

Kabla tone moja halijatoka kwenye tangi kwenda mtaroni, mnahitaji kibali cha kutiririsha majitaka kutoka Bodi ya Maji Bonde la Rufiji pale Iringa. Waendeeni sasa, kabla hawajawajia. Na vipimo vya COD vikitoka, nitumieni pamoja na kiasi cha maji kinachoingia kwenye mchanganyiko wa gundi kwa zamu moja, tuone mnaweza kurudisha kiasi gani.